Beki wa barafuni: anafanya nini, anafika wapi, na mzazi aliye Moshi amsaidieje

Swali

Binti yangu ana miaka 14. Tangu akiwa na miaka 9 anaishi na mama yake mdogo Ontario, Kanada, na huko ameingia kwenye hoki ya barafu. Anacheza beki. Kocha wake anasema msimu ujao apande timu ya daraja la juu, na kwamba akikaza anaweza kusomeshwa na chuo kikuu cha Marekani, baadaye acheze kwa mshahara. Mdogo wangu anaomba tuchangiane ada, na si ndogo. Mimi niko Moshi, mchezo huu naujua kwa video anazonitumia tu, na kila nikitazama naona wenzake wanafunga, yeye hafungi. Je, hii ni kazi kweli? Si hatari kwa msichana? Na mimi niliye huku nifanye nini? Julai anakuja likizo.

Jibu

Mama, nianze na mabao, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapomhukumu beki bila kosa.

Hoki ya barafu huchezwa na watu 6 kila upande: kipa, mabeki 2 na washambuliaji 3. Uwanja una urefu wa mita 60 hivi na upana wa mita 26 hadi 30, umezungushiwa ukuta, na badala ya mpira wa duara kuna kisahani cha mpira mgumu ambacho wenyewe hukiita paki: kipenyo sentimita 7.6, unene sentimita 2.5, uzito gramu 156 hadi 170. Mechi ni vipindi 3 vya dakika 20, na saa husimama kila filimbi inapolia. Hakuna anayecheza mfululizo. Mtu huingia kwa zamu ya sekunde 40 au 50, akatoka anahema, mwenzake akaingia. Kwa kawaida timu ya wakubwa huwa na mabeki 6, yaani jozi 3, na washambuliaji 12. Piga hesabu: nafasi 2 za ulinzi zikigawanywa kwa watu 6, kila beki anapata dakika 20, nafasi 3 za mbele zikigawanywa kwa 12, kila mshambuliaji anapata dakika 15. Mtoto wako yuko barafuni muda mrefu kuliko hao unaowaona wakishangilia.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye soka tunamjua beki wa kati anayekaba na beki wa pembeni anayepanda. Beki wa hoki ni hao wawili ndani ya mtu mmoja, na nusu ya kazi hiyo anaifanya akiteleza kinyumenyume. Mshambuliaji anakuja kwa kasi akiwa amemkabili. Beki anarudi nyuma kwa kasi ileile, uso kwa uso, na lazima achunge umbali kati yao. Umbali ndio roho ya ubeki. Katikati ya uwanja unaweza kuwa urefu wa magongo 2 au 3. Wakifika kwenye mstari wa bluu, ule unaolinda eneo la timu yake, uwe umepungua hadi gongo 1. Beki anayeogopa kasi huacha nafasi kubwa, akarudi, akarudi, mpaka anajikuta mbele ya kipa wake mwenyewe. Hapo mshambuliaji anapiga shuti kupitia miguuni pake na kipa hauoni mkwaju, kwa sababu beki ndiye pazia. Kosa hilo nalitaja kwanza kwa kuwa ndilo la kawaida kuliko yote umri wa miaka 13 hadi 15, na chanzo chake mara nyingi si woga bali kuteleza kinyumenyume kusikokuwa na nguvu. Mtoto anajua kwamba akipitwa hatamfikia tena, basi anajihami mapema.

Kosa la pili ni kukitazama kile kisahani. Paki inadanganya, kichwa kinadanganya, mabega yanadanganya. Kifua hakidanganyi, kwa sababu mtu hawezi kwenda mahali bila kifua chake. Beki aliyefundishwa vizuri hutazama nembo ya jezi ya mpinzani, gongo lake likiwa limelala barafuni kwa mkono mmoja, na mwili wake ukiwa upande wa ndani kidogo ili adui asukumwe kuelekea ukutani, ambako pembe ya kufunga ni mbaya. Yule anayerusha gongo mbele kuwahi paki hupitwa, kwa sababu mkono ukishanyooka uzito wote umehamia kwenye vidole na miguu haiwezi tena kugeuka.

Kisha linakuja lile ambalo makocha wa vyuo hulitafuta kabla ya jingine lolote, nalo halionekani kwenye matokeo: pasi ya kwanza. Paki imetupwa kwenye kona ya eneo lake, beki anaifuata akiwa amewapa mgongo wapinzani 2 wanaomkimbiza. Ana sekunde 2, pengine pungufu. Kabla hajaigusa anapaswa awe ameshageuza shingo kutazama nyuma mara 2, begani kushoto na begani kulia, ili akiipata ajue tayari pasi inakwenda wapi: kwa beki mwenzake nyuma ya goli, kwa winga aliyesimama ukutani, au kwa kiungo anayepita katikati. Asipotazama, anaokota paki kwanza na kufikiri baadaye, na huko baadaye amekwisha kubanwa. Hapo huzaliwa ile pasi ya kubahatisha katikati ya uwanja, mbele ya goli lake mwenyewe, ambayo huwatoa machozi vijana wengi.

Kwa hiyo video zikija, usitafute mabao. Chukua daftari uhesabu mambo 3. Mara ngapi aligeuza shingo kabla ya kufika kwenye paki. Pasi ngapi za kwanza zilifika kwenye gongo la mwenzake. Na wapinzani wangapi walivuka mstari wake wa bluu wakiwa na paki kwenye gongo, ukilinganisha na waliolazimika kuitupa mbele na kuikimbilia. Ukimpigia simu ukamwambia, "Leo pasi 14 zimefika kati ya 19," utamfurahisha kuliko kumuuliza kwa nini hakufunga, na kocha wake mwenyewe pengine hana hesabu hiyo. Video nyingi za wazazi hufuata paki; mwombe mama yake mdogo arekodi akiwa juu kidogo kwenye viti, kamera ikimfuata mtoto zamu nzima, hata paki ikiwa mbali.

Je, ni kazi? Ndiyo, lakini tazama ukubwa wa mlango. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake yanayotambuliwa na shirikisho la kimataifa yalichezwa Ottawa mwaka 1990. Olimpiki waliingia 1998 kule Nagano. Kombe la dunia la wasichana chini ya miaka 18 lilianza 2008. Ligi ya sasa ya kulipwa ya Marekani na Kanada, inayojulikana kwa herufi PWHL, ilicheza mechi yake ya kwanza tarehe 1 Januari 2024 ikiwa na timu 6: Boston, Minnesota, Montreal, New York, Ottawa na Toronto. Msimu wa 2025–26 ziliongezwa Seattle na Vancouver, zikawa 8. Kila timu ina wachezaji 23, na kati yao mabeki ni 7 au 8. Maana yake ni kwamba nafasi za beki kwenye ligi nzima hazikuzidi sana 60, na zinagombewa na Wakanada, Wamarekani, Wafini, Wacheki na Waswidi. Mkataba wa pamoja wa wachezaji uliweka mshahara wa chini wa dola 35,000 za Marekani kwa msimu wa kwanza, ukipanda asilimia 3 kila mwaka, na kila timu iwe na wachezaji wasiopungua 6 wanaolipwa dola 80,000 au zaidi. Ukizigeuza kuwa shilingi zinang'aa. Ukizitumia kulipa kodi ya nyumba Boston au Toronto, zile za chini zinatosha mtu mmoja anayejibana. Uswidi, Ufini na Uswisi nako kuna ligi za wanawake, na wengi wanaocheza huko husoma au hufanya kazi nyingine pembeni.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni huu, na nausema bila kuzunguka: lengo la binti yako kwa miaka 4 ijayo liwe chuo kikuu, ligi ya kulipwa ihesabiwe kuwa nyongeza. Marekani kuna vyuo zaidi ya 40 vyenye timu za wanawake za daraja la kwanza. Udhamini kamili hulipa ada, malazi, chakula na vitabu. Vyuo vya kundi la Ivy, kama Harvard, Princeton na Cornell, havitoi udhamini wa michezo hata kidogo. Hutoa msaada kulingana na kipato cha familia, na kwa mzazi wa kipato cha kawaida cha Moshi msaada huo unaweza kuwa mkubwa kuliko udhamini wa michezo wa kwingine. Kanada nako vyuo hutoa udhamini, lakini ule wa michezo unaishia kwenye karo na michango ya masomo.

Mtazame Sophie Jaques. Ni mzaliwa wa Toronto, msichana mweusi, beki. Alicheza Ohio State, akachukua ubingwa wa vyuo mwaka 2022, na 2023 akapewa tuzo ya Patty Kazmaier ya mchezaji bora wa vyuo Marekani, wa kwanza mweusi kuipata. Kabla yake beki pekee aliyewahi kuitwaa alikuwa Angela Ruggiero mwaka 2004. Na hata Jaques, baada ya sifa zote hizo, timu iliyomchagua ilimtoa kwa kubadilishana wachezaji katikati ya msimu wa kwanza. Akaenda Minnesota na kuchukua makombe 2 mfululizo, 2024 na 2025. Mwingine ni Claire Thompson, naye wa Ontario, aliyepitia Princeton. Olimpiki ya 2022 alimaliza na pointi 13, mabao na pasi za mabao zikijumlishwa, rekodi kwa beki katika mashindano hayo. Baadaye alisomea udaktari, akasimama kucheza, kisha akarudi kwenye ligi ya kulipwa. Elimu haikumpunguzia hoki.

Hapa sasa ndipo penye haraka ya kweli, Mama, na ndipo ninapokuomba umpigie mdogo wako wiki hii. Mtoto wa miaka 14 Ontario yuko darasa la 9 au anakaribia kuliingia, na darasa la 9 ndilo saa ya masomo inapoanza kuhesabiwa. Ili aruhusiwe kucheza daraja la kwanza la vyuo vya Marekani, anatakiwa kukamilisha masomo 16 ya msingi ndani ya miaka 4 kuanzia hapo: Kiingereza miaka 4, hisabati miaka 3, sayansi miaka 2, maarifa ya jamii miaka 2, somo 1 la ziada kutoka Kiingereza, hisabati au sayansi, na mengine 4 kutoka orodha inayokubalika. Masomo 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho, na 7 kati ya hayo 10 yawe ya Kiingereza, hisabati na sayansi. Wastani wa chini ni 2.3 kwa kipimo chao cha 4, lakini vyuo vyenye kujiheshimu hudai zaidi. Kinachoharibu mambo ni uteuzi wa masomo. Mtoto anafanya mazoezi mara 4 kwa wiki, amechoka, mshauri wa shule kwa nia njema anampa hisabati nyepesi, na miaka 3 baadaye somo hilo halihesabiwi. Mwambie mama yake mdogo aende shuleni aseme wazi: masomo yake yote yawe ya kuelekea chuo kikuu. Kisha wamfungulie akaunti kwenye kituo cha usajili cha chama cha michezo ya vyuo Marekani, NCAA. Ile ya awali ni bure.

Kuhusu kuonekana na makocha: kwa hoki ya wanawake, kocha wa chuo haruhusiwi kuzungumza na mtoto habari za kumsajili kabla ya tarehe 15 Juni baada ya darasa la 10. Hivyo akiandika barua pepe leo akakosa jibu, asivunjike moyo. Sheria inamfunga kocha mdomo. Anaweza kuandika, na aandike mwenyewe: jina, mwaka wa kuzaliwa, nafasi, mkono anaopigia, timu, ratiba ya mechi, alama za darasani, na kiungo cha video ya dakika 3 yenye zamu nzima nzima, si mabao yaliyokatwakatwa. Na mtu yeyote akiwaambia anauza nafasi ya udhamini, mfungieni mlango. Makocha hutazama wachezaji bila kulipwa na familia.

Ada ya timu ya daraja la juu huwa maelfu ya dola za Kanada kwa msimu, na bado kuna safari, hoteli na vifaa. Kabla hujatuma hata senti, kocha aulizwe atasajili mabeki wangapi. Wakiwa 6 au 7, atacheza. Wakiwa 9, utalipa ili akae benchi, na beki hakui benchini. Uwiano wa mazoezi na mechi ni upi? Mazoezi 2 kwa kila mechi ni afya. Mechi 70 na mazoezi 40 ni biashara. Ada inajumuisha nini, na nini kitadaiwa baadaye? Kama majibu hayaridhishi, abaki timu aliyopo mwaka mmoja zaidi, na fedha hizo zimlipie mwalimu wa kuteleza mara 1 kwa wiki. Mabeki huchelewa kukomaa kuliko washambuliaji kwa sababu kazi yao ni ya maamuzi, na maamuzi yanahitaji umri. Mwaka mmoja hautamfungia mlango. Familia ikibanwa, Kanada kuna mifuko inayosaidia watoto ada za michezo, kama KidSport na Jumpstart. Waombe mapema kabla msimu haujaanza, fedha huisha.

Wala nafasi ya beki si hukumu ya maisha. Laila Edwards, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 2004, alikuwa mshambuliaji alipochaguliwa mchezaji bora wa kombe la dunia la 2024. Baadaye timu ya taifa ikamrudisha nyuma kuwa beki. Akiwa shuleni, binti yako asikatae akiambiwa ajaribu winga kwa mwezi. Atajifunza mawazo ya anayemkaba.

Hatari. Hoki ya wasichana hairuhusu kumgonga mpinzani kwa mwili kwa makusudi ya kumwangusha. Ni kosa na mkosaji anakaa nje dakika 2. Kugusana kwenye kugombea paki ukutani kupo na kunaruhusiwa. Ligi kuu ya wanawake ya Uswidi iliruhusu kugongana kuanzia msimu wa 2022–23, na ligi ya kulipwa ya Marekani na Kanada nayo ina mgongano mwingi kuliko ya wasichana, kwa hiyo akifika huko mwili uwe umeandaliwa. Lakini kinachomuumiza beki wa miaka 14 kwa kawaida si kugongwa uwanja wazi. Ni ule mwendo wa kufuata paki kwenye kona. Eneo baya ni mita 1 hadi 3 kutoka ukutani: akisimama hapo ameinama, kichwa chini, msukumo mdogo tu unampeleka kichwa mbele kwenye mbao. Afundishwe kufika kwa mshazari, si moja kwa moja. Aumalizie ukuta kabisa mpaka nyonga na bega viuguse. Kichwa kiwe juu, na kama hana budi kugonga, agonge kwa bega na mkono vikiwa vimejaa ukutani.

Akigongwa kichwa, hata asipozimia, siku hiyo mchezo umekwisha. Mtikisiko wa ubongo haupimwi kwa macho. Ontario wana sheria mahususi, Sheria ya Rowan ya 2018, iliyopewa jina la Rowan Stringer, msichana wa miaka 17 aliyefariki 2013 baada ya kupata mitikisiko mfululizo akicheza raga. Inamtaka kila mchezaji asiyefikisha miaka 26 kusoma maelekezo ya mtikisiko kila mwaka. Kurudi uwanjani ni kwa hatua 6, kila moja saa 24 kwa uchache: shughuli za kawaida za nyumbani, mazoezi mepesi ya mapigo ya moyo, kuteleza peke yake, mazoezi na wenzake bila kugusana, mazoezi kamili baada ya ruhusa ya daktari, kisha mechi. Dalili zikirudi, anarudi hatua 1 nyuma. Mtoto atakuficha, kwa sababu anaogopa kupoteza nafasi. Muulize anavyolala, anavyosoma darasani, kama mwanga unamuumiza. Hayo hayafichiki kirahisi kwenye simu.

Kwenye vifaa nitakuwa mfupi. Kinga ya shingo isikosekane hata mazoezini. Oktoba 2023 mchezaji Adam Johnson alifariki Sheffield, Uingereza, baada ya kukatwa shingoni na chuma cha kiatu cha kuteleza, na baadaye shirikisho la kimataifa likaifanya kinga hiyo kuwa lazima. Viatu vya kuteleza havinunuliwi vikubwa "ili akue navyo" kama tunavyofanya na viatu vya shule: kwa kawaida huwa vidogo kwa namba 1 hadi 1 na nusu kuliko viatu vyake vya kawaida, na kisigino kisipande hata kidogo. Kikiwa kikubwa, kifundo kinalala ndani, na hapo kuteleza kinyumenyume kunakufa. Chuma cha chini kina mfereji katikati na kingo 2. Wengi hunoa kwa mfereji wa nusu inchi, na ananoa tena baada ya saa chache za barafuni, si kwa kusubiri kalenda. Kila akitoka, afute chuma kwa kitambaa kikavu na asikihifadhi ndani ya ala ya plastiki, maana unyevu unabaki humo na kutu inakula kingo. Gongo la beki huwa refu kidogo: akisimama na viatu vya kuteleza, lifike kidevuni au mdomoni. Ugumu wake uendane na uzito: mtoto wa kilo 50 anahitaji gongo la ugumu wa 50 au 55. Likiwa gumu kupita hapo halipindi, na shuti halina nguvu hata akipiga kwa hasira zote.

Uraia unahitaji utulivu. Kuichezea Kanada lazima awe raia wa Kanada, na Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Nchi yetu haina chama ndani ya shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu, ingawa Kenya waliingia 2024. Vyuo na ligi ya kulipwa hawadai uraia. Wanadai vibali vya kusoma na kufanya kazi. Basi msimbadilishie uraia kwa sababu ya mchezo tu akiwa na miaka 14. Zungumzeni na mwanasheria mtakapofika umri wa maamuzi.

Julai. Wiki 2 za kwanza aache gongo kabisa: alale, amsalimie bibi, ale. Mwili wa mchezaji chipukizi unahitaji miezi 2 au 3 kwa mwaka mbali na mchezo wake, na mtoto anayecheza hoki miezi 12 nyonga zake ziko hatarini kuumia. Chakula cha nyumbani kinamfaa kuliko unga wa makopo: kiburu cha ndizi na maharage, dagaa, mboga za majani, nyama mara kwa mara kwa ajili ya madini ya chuma, ambayo wasichana wanaofanya mazoezi makali huishiwa. Muulize pia, wewe kama mama, kuhusu hedhi. Ikikatika miezi 3 mfululizo ni ishara kwamba anatumia nguvu nyingi kuliko anachokula, na aonwe na daktari kabla ya kurudi mazoezini.

Kuanzia wiki ya 3, siku 4 kwa wiki zinatosha. Kupanda mbio mlima kwa sekunde 15, kama ule wa kuelekea Kibosho, kisha kushuka kwa kutembea, mara 8 hadi 10. Kuruka ubavu kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, akitua na kutulia sekunde 2 kabla ya kuruka tena, mara 8 kila upande, mizunguko 3. Kuchuchumaa kwa mguu mmoja mara 6 kila upande. Kwa misuli ya ndani ya paja, ambayo ndiyo huumia kwa mabeki: alale ubavu, mguu wa juu uwe juu ya benchi, ainue kiuno akae hivyo sekunde 15 hadi 20, mara 3 kila upande, wiki ya kwanza aegemeze goti, si kifundo cha mguu. Kwa mikono, aje na gongo moja la zamani, kwa sababu saruji inakula ncha ya gongo haraka, na atumie mpira wa tenisi au wa gofu kwenye sakafu ya saruji dakika 15, macho yakiwa juu, wewe ukimwonyesha vidole naye akitaja idadi. Kwa mashuti, plaiwudi laini ya mita 1 kwa 2 iliyopakwa nta ya sakafu inateleza vya kutosha. Mashuti 50 kwa siku yakilenga chini, usawa wa goti, maana shuti la beki linalopita juu hakuna mwenzake anayeweza kuligusa lielekee golini.

Barafu yenyewe asiitafute sana. Nairobi kuna uwanja wa barafu uliofunguliwa 2005 kwenye hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, mdogo kuliko uwanja wa kawaida, na hapo ndipo timu ya Kenya ilipokulia. Kama mnapita Namanga kwa shughuli nyingine, pigeni simu kwanza mjue kama uko wazi siku hiyo. Kwenda kwa ajili hiyo tu si lazima.

Msimu ukianza Septemba, Ontario itakuwa nyuma yetu kwa saa 7, na kuanzia Novemba saa zikirudishwa itakuwa saa 8. Mechi ya saa 1 jioni kwake ni saa 8 usiku kwako, na kuanzia Novemba saa 9. Usikeshe kila mechi, utachoka na utaanza kumwonea. Mwambie akutumie zamu 5 tu, ikiwemo moja aliyokosea, nawe umjibu asubuhi ukiwa na daftari lako.